Zimwi likishalipwa: kisa cha goblini sita na upungufu wa sabini

Mwizi wetu alikufa akiwa ameshusha silaha kwa hiari yake, na hilo ndilo lililotuuma. Kufa katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua mambo, ni jambo la kawaida; mchezaji anachukua karatasi nyingine, anarusha dadu, anaanza na mhusika mpya. Lakini rafiki yangu, ambaye mchana ni karani na Jumamosi usiku ni mwizi wa kufungua makufuli, alibaki na karatasi yake mkononi bila kuichana, akaniuliza: "Sasa mimi nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nimelipata baada ya majuma mawili, na naliandika hapa kwa sababu najua wako waendeshaji wengi wa mchezo huu wanaokwama palepale nilipokwama mimi.

Tuko watano. Mimi ndiye ninayeendesha, yaani nashika kijitabu, nasimulia ulimwengu, nawasemea viumbe wote wasio na mchezaji. Binamu yangu, fundi wa mafriji, ana mpiganaji. Dada mmoja anayesomesha sekondari, ambaye tunamwita Mwalimu hata tukiwa nyumbani, ana kuhani. Kijana wa chuo, mdogo wetu wa mtaani, ana mchawi. Wa nne ndiye huyo karani. Tunacheza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana lile jitu la pangoni linalokula watu tunaliita zimwi bila kusita. Jina tulikuwa nalo kabla mchezo haujazaliwa.

Safari tuliyokuwa tukiicheza ni The Keep on the Borderlands, ya Gary Gygax, yuleyule aliyeutoa mchezo wenyewe mwaka 1974 pamoja na Dave Arneson. Kijitabu hiki kilitoka mwishoni mwa 1979 na kikawa kinafungwa ndani ya sanduku la wanaoanza, kwa hiyo watu wengi sana duniani wamejifunza mchezo kwa kukipitia. Kuna ngome mpakani, na mbali kidogo kuna bonde la Mapango ya Vurugu. Kila pango lina wenyewe, viumbe wa kubuni: koboldi, goblini (vijitu vikorofi), hobgoblini, makabila mawili ya orki, watu-fisi, minotauri, zimwi. Mwandishi hakumpa jina karibu yeyote. Hata binadamu wa ngome wanatajwa kwa vyeo tu, na anayeendesha ndiye anayebaki na kazi ya kuwavika sura.

Kazi hiyo sikuifanya.

Kabla ya kuondoka ngomeni, kila mchezaji hupata uvumi. Kijitabu kina orodha ya uvumi, mwingine wa kweli, mwingine wa uongo. Karani alipata huu: neno "Bree-yark", kwa lugha ya goblini, maana yake ni "tumesalimu amri". Huo ni wa uongo. Ukifungua ukurasa wa pango lenyewe unakuta kwamba "Bree-yark" ni mbiu ya hatari. Walinzi sita wa chumba cha kwanza wakiipiga, wenzao sita wa chumba cha pili wanakuja mbio, na mmoja wao anafungua mlango wa siri na kulirushia zimwi la pango la jirani mfuko wa vipande 250 vya dhahabu, lije kuwasaidia. Zimwi linapokea malipo, linaingia, linapiga.

Basi wakaingia, wakaua goblini watatu, mbiu ikapigwa. Karani akafurahi: "Wamesalimu! Shusheni silaha!" Akashusha ya kwake. Ukuta ukafunguka, zimwi likatoka, rungu likamkuta amesimama mikono mitupu. Waliobaki wakakimbia. Na mimi nilikuwa nimesimulia yote hayo kama mtu anayesoma risiti: wamepiga kelele, mfuko umerushwa, jitu limeingia, rusha dadu.

Binamu ndiye aliyetamka ugonjwa, ingawa yeye alidhani analalamika tu. "Hawa goblini na wale koboldi wa juzi wana tofauti gani? Wote wanapiga kelele, wote wanakufa." Nilitaka kumwambia koboldi ni wadogo zaidi na wana sura ya mbwa. Nikanyamaza, maana alikuwa anauliza jambo jingine.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na dawa, na dawa ikazidisha maradhi. Nilijiambia: hawa ni viumbe wa vurugu, kwa hiyo wanatakiwa kuwa wa vurugu kwelikweli. Nikatengeneza jedwali la mistari 20. Kila goblini, kila zamu, namrushia dadu: 1 anacheka, 2 anamrukia mwenzake, 3 anakula udongo, 4 anaomba msamaha, 5 anaimba, na kuendelea. Wachezaji walikutana na kikosi cha goblini wanne korongoni. Mmoja akacheka, mmoja akaimba, wa tatu akamuuma wa nne. Dakika tano za kwanza watu walitabasamu. Ya sita kijana wa chuo akasema, kwa adabu, "Kaka, tukiwauliza chochote, jibu litatoka kwenye dadu?" Nikasema ndiyo. "Basi hakuna haja ya kuwauliza." Wakawaua wote wanne kwa uchawi wa usingizi na visu.

Alikuwa sahihi, na sentensi yake ndiyo kiini cha kisa hiki. Kiumbe ambaye matendo yake hayatokani na chochote ni sawa na kiumbe asiyefanya lolote. Huwezi kumlaghai, maana hana anachotaka. Huwezi kumtisha, maana hana anachoogopa kupoteza. Hata akikusaliti hujasalitiwa: umenyeshewa na mvua tu. Goblini wangu wa kwanza walikuwa mawe, na hawa wa pili wakawa mvua.

Nilirudi kwenye neno lenyewe. Katika mchezo wa 1974 pande zilikuwa tatu tu: Sheria, Kati na Vurugu. Zilikuwa pande kama za vita, kila kiumbe akipangwa kwenye safu yake. Ile mistari miwili, wema na uovu upande mmoja, sheria na vurugu upande mwingine, inayozaa mielekeo 9, ilikuja miaka michache baadaye, mwishoni mwa muongo uleule. Baada ya hapo ndipo wachezaji wengi walipoanza kulisoma neno Vurugu kama maelezo ya tabia, na tabia hiyo wakaifanya wazimu. Goblini wa kijitabu hiki si wazimu hata kidogo. Wana zamu za ulinzi, wana mbiu, wana akiba ya dharura, wana mkataba na jirani mwenye nguvu. Wazimu haweki akiba.

Kilichonifungua macho hakikutoka kwenye mchezo, kilitoka kwa marehemu bibi yangu wa Unguja. Nikiwa mdogo niliwahi kukaa ukumbini ng'ambo ya ngoma ya kupunga pepo, nikisikia zaidi kuliko kuona. Watu wa pwani wanajua: pepo wana makabila yao. Ruhani ni Mwislamu, anataka ubani na marashi. Kibuki anasemekana kutoka Bukini, yaani Madagaska, na yeye anataka brandi. Pepo akishapanda kitini, yaani kwa mtu aliyepagawa, fundi anayempunga hashindani naye kwa nguvu. Anamuuliza. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Pepo anaweza kuwa mkali, mwongo, mwenye kumtesa kiti wake mwaka mzima; lakini ana jambo lake, na jambo hilo likijulikana yanawezekana mazungumzo, na yakiharibika yanaharibika kwa sababu inayoeleweka. Sisemi imani za watu ni mchezo. Nasema wazee walikuwa na ustadi wa kukaa mbele ya kiumbe asiyefuata sheria za wanadamu na kumuuliza anachotaka, na mimi mjukuu wao nilikuwa nawarushia goblini dadu ya kicheko.

Halafu kuna methali tunayoitumia kila siku bila kuisikiliza: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la methali linakula, hilo halina ubishi. Ila linakujua, na kukujua kwake kunabadilisha namna linavyokula. Ndani ya maneno manne kuna kiumbe mwenye kumbukumbu na kipimo chake mwenyewe. Zimwi langu la Jumamosi ya kwanza halikumjua mtu.

Nikachukua daftari. Kwanza nikaandika yaliyokwisha kutokea, maana hayo ndiyo mali ya mwendeshaji. Goblini watatu wa lindo wamekufa, wamebaki tisa. Mwizi wa wachezaji amekufa, maiti yake imebaki pangoni. Na jambo nililolipita bila kuliona: mfuko umekwisha kulipwa. Dhahabu 250 ziko kwa zimwi. Wavamizi wakirudi kesho na mbiu ikapigwa, nani atalilipa? Hapo nikahisi pango linaanza kupumua.

Katika tisa waliobaki niliwaweka sita zamu ya usiku, na kila mmoja nikamwandikia anachotaka tu. Mavazi sikuandika, sauti sikuandika. Sauti sita tofauti zinamchosha msemaji, na wasikilizaji wanazisahau kabla chai haijapoa. Nilichoandika badala yake ni kitu kimoja ambacho mkono au jicho la kila mmoja linafanya bila yeye kujua, kwa sababu ya kile anachotaka.

Mtungi ndiye mlinzi wa pipa la maji ambamo mfuko ulikuwa umefichwa. Mkuu wa pango hajui kama zimwi lilikwisha lipwa. Anaamini walinzi walishinda wenyewe. Mtungi anataka 250 nyingine zirudi ndani ya pipa kabla mkuu hajaja kuhesabu. Hamruhusu mtu achote maji humo. Ukoko ni mpishi, kikongwe, dada wa mmoja wa wale watatu. Anataka chumvi. Kwikwi ni kijana ambaye hajawahi kuruhusiwa kupiga mbiu, na hana ndoto nyingine. Akisikia kishindo anajaza kifua hewa. Sikio anaitwa hivyo kwa sababu analo moja, lingine lilichukuliwa na hobgoblini wa jirani, na angefurahi kufa leo kama hobgoblini wawili watatangulia. Bubu anampenda mkuu wa pango, basi. Anaangalia mlango wa ndani badala ya mlango wa nje. Wa sita sikumwandikia kitu. Saa saba za usiku zilikuwa zimepita na nilikuwa na kazi asubuhi.

Sheria za mchezo, ukizitazama kwa jicho hilo, zinakusaidia. Toleo la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay lina jedwali la namna viumbe wanavyompokea mgeni: unarusha dadu mbili za pande sita. Ukipata 2 wanashambulia papo hapo, 12 ni urafiki mkubwa. Katika njia 36 za dadu kuangukia, 16 zinatoa 6, 7 au 8, yaani wanasitasita, hawajaamua. Karibu nusu ya kila mkutano pangoni ni kusitasita! Miaka yote nilikuwa nalisoma tokeo hilo kama "hakuna kitu, rusha tena". Kumbe ndipo mahali pa tabia, kwa sababu watu sita hawasiti kwa namna moja. Toleo hilohilo linapima moyo wa kupigana: goblini wana 7, na mfalme wao akiwa pamoja nao wana 9. Unarusha dadu mbili anapokufa wa kwanza na tena nusu yao wakianguka; ukivuka namba, wanakata tamaa. Kwa 7 nafasi ya kuvunjika ni 15 katika 36, kwa 9 ni 6 tu. Mimi nikaongeza langu moja: anayepigania kile anachokitaka anapata 2 juu, na aliyekwisha kukipata kwa njia nyingine anapunguziwa 2.

Jumamosi ya tatu wakarudi pangoni na mwizi mpya, binti mwembamba aliyeazimwa na chama cha wezi kulipa kisasi. Karani, mara hii, hakuingia. Alisema anatega sikio mlangoni. Nikamwambia anachosikia: kizee kinagomba kwamba mchuzi hauna ladha na kisima kiko mbali, pipa hilo hapo limejaa, kwa nini tusichote? Na sauti ya kiume inajibu, pipa haliguswi. Kizee kinasema midomo imepasuka kwa kiu. Pipa haliguswi.

Karani akaniangalia. Akageuka kwa wenzake, akasema polepole, "Wana kiu na hawanywi. Ndani ya lile pipa kuna kitu, au palikuwa na kitu."

Ningeweza kumkumbatia. Hakuna dadu iliyorushwa, hakuna ukurasa uliosomwa. Ameona kiumbe anajinyima maji, akaiona haja iliyo nyuma yake.

Mwalimu akapiga hodi. Hodi ya kweli, na mkono mtupu mbele. Nikarusha dadu mbili mbele ya wote: 7. Wanasitasita. Nikawapitisha mmoja mmoja. Kwikwi amejaza kifua, mashavu yamevimba, mbiu iko kooni. Bubu ametazama mlango wa ndani. Sikio anauliza mmetumwa na nani, na anapouliza anageuza upande wa sikio zima ili asipitwe na jibu. Kikongwe anatazama mkoba wa kuhani, si uso wake. Mtungi hajaondoa mgongo kwenye pipa.

"Mkoba wangu una nini?" Mwalimu akaniuliza. Nikamwambia asome karatasi yake. Kamba, mienge, mkate wa safari, na chumvi aliyonunua ngomeni siku ya kwanza kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Akaitoa, akaishikilia juu kidogo ili taa iipate.

Nasimama hapa kwa sababu ndipo nilipokaribia kuharibu tena. Mezani palikuwa na furaha. Kikongwe akapokea kile kifuko kwa mikono miwili, akalamba kidole, akafumba macho. Sikio akaanza kuwaeleza njia za hobgoblini. Binamu, ambaye juma lililopita alikuwa akiwachinja, akasema, "Jamani, hawa ni watu tu." Nikaona mapango yakigeuka kijiji cha majirani wema waliosingiziwa. Kumpa zimwi tabia na kumfanya mpole ni mambo mawili tofauti, na waandishi wengi wa siku hizi wanayachanganya. Kiumbe wa Vurugu ana haja unayoweza kuielewa, lakini hana mpaka unaoujua wewe. Haja ndiyo inayokuvuta umsogelee. Mpaka usiokuwapo ndio unaokufanya uogope ukiwa umeshafika karibu.

Basi nikaacha haja ya Ukoko iende ilikokuwa inaelekea. Mwizi mpya akauliza kizee anapika nini. Nikamwambia, anakausha nyama kwenye kamba huko nyuma, vipande virefu, na bila chumvi ingeoza. Nyama gani? Kizee akajibu kwa fahari ya mpishi: ya yule aliyeshusha upanga.

Sebule ilikaa kimya. Mwalimu akaweka kalamu chini. "Na mimi ndiye niliyempa chumvi," akasema. Kikongwe hakucheka, hakuwakejeli. Alisema mdogo wake aliliwa na funza kwa sababu hakuwa na chumvi ya kumhifadhi, na huyu wenu angalau hataharibika. Kwake yeye hiyo ilikuwa heshima. Nafikiri hapo ndipo kwa mara ya kwanza wachezaji wangu walikutana na goblini.

Hawakupigana. Walikuwa na jambo la kupita kwenda ndani, na Mtungi alikuwa na bei. Karani, kwa niaba ya mwizi wake, alikwisha kulisoma lile pipa. Akamvuta Mtungi pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini palikuwa na kiasi gani. Mia mbili na hamsini. Wakakung'uta mifuko yote minne, wakapata 180. Mtungi akazihesabu mara mbili, akazitumbukiza ndani ya maji moja moja ili zisilie, akaapa kwa mfupa wa mama yake kwamba njia ni nyeupe hadi watakaporudi.

Waliporudi, saa moja baadaye kwa saa ya mchezo, mlango wa siri ulikuwa wazi na zimwi limekaa kwenye kizingiti linawangoja.

Binamu alinyanyuka kabisa kwenye kiti. Uongo, dhuluma, tulimlipa! Nikaona mkono wa karani unaitafuta karatasi yake kama usiku ule wa kwanza, na moyo ukanienda mbio, maana kama hapa nisingekuwa na jibu basi majuma mawili yamepotea. Sikusema kitu. Kijana wa chuo ndiye aliyesema, akihesabu kwa vidole juu ya meza. "Mia mbili hamsini toa mia na themanini. Sabini. Tulimwachia upungufu wa sabini." Akatulia. "Amekwenda kwa zimwi kukopa sabini, na rehani ni sisi."

"Tungeweza kujua," akasema karani. Alilisema kwa masikitiko, lakini aliiweka karatasi yake chini.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa, na sijapata kingine kilicho bora. Usaliti wa kiumbe wa Vurugu ukishatokea, wachezaji warudi nyuma kwa akili zao waone ulikuwa umesimama mbele yao muda wote. Kwa Mtungi, kiapo kilikuwa kitu chepesi na 250 zilikuwa kitu kizito. Aliwaonyesha mwenyewe, kwa kukaa na kiu mbele ya maji.

Zimwi nalo nililipatia mambo mawili tu: njaa na kumbukumbu. Lilimtazama mpiganaji wa binamu likasema, wewe nilikupiga begani, hukuanguka. Likamuuliza bega likoje. Likasema deni ni sabini, atakayebaki nalo hadi mwezi uandame ni mmoja, na wao wenyewe wachague nani. Binamu akasema atabaki yeye, kwa sababu zimwi linamjua. Hakuna aliyetaja methali. Wote tuliifikiria, nina hakika, kwa jinsi walivyotazamana.

Makosa yalibaki. Bubu alipotea mezani, hakuna aliyemwona hata mara moja, maana mtu anayetazama tu mlango ni wa kusomwa daftarini, haonekani kwenye mchezo. Kwikwi alibaki amejaza kifua kwa muda mrefu kuliko mapafu yanavyoruhusu, na nikasahau kumwachia apumue. Sita ni wengi kwa usiku mmoja. Wawili au watatu wenye haja zinazogongana wangetosha, na wengine wangekaa gizani hadi waitwe.

Mmoja aliitwa. Walipokuwa wanaondoka, watatu bila ya mpiganaji, Mwalimu aligeuka mlangoni. "Huyu aliyetushikia mwenge wakati wote tukipatana na Mtungi, anaitwa nani?" Sikukumbuka kumpa mtu mwenge, lakini ni kweli nilikuwa nimesema kuna mwanga wa mwenge, na mwenge haujishiki. Alikuwa yule wa sita. Ukurasa wake ulikuwa mtupu.

Nikawa mkweli. Nikamwacha ajibu kama kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwandikia kitu: "Zamu ya Usiku."

"Hilo si jina," Mwalimu akasema.

"Ndivyo ninavyoitwa wakiniita."

Mwalimu akamuuliza anataka nini. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia nitamjibu Jumamosi. Wamekwisha panga kurudi na hizo sabini kabla mwezi haujaandama, karani anasema ataziiba ngomeni, na Mwalimu amenitumia ujumbe mara mbili juma hili kuulizia habari za yule mshika mwenge.